Adamu Chini ya Mti: Sahani za Kiingereza za Karne ya 17 kama Ufasiri wa Mwanzo 3

Uhakiki wa fasihi umezoea kuutafuta ufasiri wa maandiko matakatifu katika mahubiri, tafsiri, tenzi na tamthilia. Ni nadra kuutafuta ukutani. Ndiyo maana sahani kubwa za udongo zilizochorwa kwa mkono nchini Uingereza kati ya robo ya pili ya karne ya 17 na miongo ya mwanzo ya karne ya 18, zenye picha ya Adamu na Hawa chini ya mti wa ujuzi wa mema na mabaya, zimeachiwa wakusanyaji wa vitu vya kale na wataalamu wa ufinyanzi. Wataalamu hao hawakulala. E. A. Downman alizitungia kitabu mwaka 1919, F. H. Garner akaziweka katika historia pana ya ufinyanzi wa Uingereza mwaka 1948, na Michael Archer akatoa mwaka 1997 orodha ya kina ya zile zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Victoria and Albert jijini London. Maswali yaliyotawala kazi za aina hii ni: sahani ilifinyangwa wapi, lini, kwa rangi zipi, na kwa kufuata chapa gani ya karatasi? Hayo ni maswali ya lazima, na mhakiki wa fasihi asiyeyajali hujenga hewani. Hata hivyo, liko swali jingine ambalo ni la taaluma yake hasa. Je, sahani hizi zinakisomaje kisa chenyewe? Makala haya yanadai kwamba zinakisoma kwa namna mahususi, inayotofautiana na usomaji wa wanazuoni wengi, na kwamba kiini cha tofauti hiyo ni jambo moja dogo: nyoka anapomshawishi Hawa, Adamu yupo.

Kabla ya kuufikia ufasiri huo, yafaa kueleza jinsi sahani zilivyotengenezwa, kwa kuwa ufundi wenyewe umeathiri maana. Ufundi huu haukuzaliwa Uingereza. Wafinyanzi Jasper Andries na Jacob Jansen waliuleta kutoka Antwerp. Waliingia Norwich mwaka 1567, na kufikia mwaka 1571 Jansen alikuwa Aldgate, London. Baadaye karakana zilienea Southwark na Lambeth, kusini ya mto Thames, na hatimaye Brislington na Bristol upande wa magharibi. Udongo ulifinyangwa, ukakaushwa na kuchomwa mara ya kwanza. Kisha sahani ilichovywa katika maji mazito yenye unga wa kioo, risasi na bati. Udongo uliyanywa maji hayo, ukabaki juu yake utando mkavu, mweupe kama chokaa. Mchoraji alichora juu ya utando huu kabla haujaingia tanurini. Hapa ndipo penye ugumu wa kazi yote. Utando mkavu huinywa rangi papo hapo, kama mchanga unywavyo maji, na mkono ukishapita haurudi nyuma kufuta. Rangi zenyewe zilikuwa chache, zile tu zilizoweza kustahimili moto: buluu ya kobalti, zambarau ya manganizi, manjano ya antimoni, kijani cha shaba, na rangi ya machungwa iliyotokana na madini ya chuma. Majani ya miti mara nyingi hayakuchorwa moja moja bali yalipigwa kwa sponji. Ukingoni mwa sahani ilipitishwa mistari mifupi ya buluu iliyolala mshazari, na ni mistari hiyo iliyozipa sahani jina zinalojulikana kwalo miongoni mwa wakusanyaji.

Upande wa nyuma una habari zake. Bati lilikuwa ghali. Kwa hiyo nyuma mara nyingi palipakwa utando duni wa risasi usiokuwa na weupe. Pete ya kitako nayo ilitobolewa au kutiwa mfuo ili kamba ipite. Chombo chenye kipenyo cha sentimita 30 hadi 40, chenye uso wa fahari na mgongo wa kimaskini, kilichotayarishiwa kamba, hakikukusudiwa nyama wala mchuzi. Kilikusudiwa kutazamwa.

Mpangilio wa picha haubadiliki sana. Mti umesimama katikati, umeigawa sahani sehemu mbili. Nyoka amejizungusha shinani, na kichwa chake kwa kawaida kimeelekea upande wa mwanamke. Mara nyingi Adamu yuko kushoto mwa mtazamaji na Hawa kulia. Tunda limo mkononi mwa Hawa, au limo safarini kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Wakati huohuo, na hili ndilo la kushangaza, wote wawili wameshajisitiri kwa majani, ama wameyashika kwa mkono ama yamebandikwa tu mahali pake.

Msomaji wa Mwanzo 3 ataona kosa mara moja. Katika aya ya 6 mwanamke anatwaa tunda, anakula na kumpa mumewe. Macho yao hufumbuliwa katika aya ya 7, na hapo tu ndipo wanapojua kuwa wako uchi na kushona majani ya mtini. Adamu wa sahanini anaona haya kabla ya kula. Jibu jepesi ni kwamba mchoraji aliona haya kwa niaba yake: sahani ingetundikwa sebuleni, mbele ya wageni na watoto. Bila shaka limo hilo. Albrecht Dürer, katika chapa yake mashuhuri ya mwaka 1504, alikabiliwa na tatizo lilelile, naye akalitatua kwa werevu wa fundi mkuu: matawi yanapita mbele ya miili kama kwa bahati, na wakati wa kisa haukuvurugwa. Mchoraji wa Southwark hakujisumbua kuibuni bahati kama hiyo. Aliwapa majani, akaendelea na sahani nyingine.

Hata hivyo, matokeo ya uamuzi huo yanazidi sababu yake. Gotthold Ephraim Lessing, katika Laokoon ya mwaka 1766, alishikilia kwamba ushairi ni sanaa ya wakati na uchoraji ni sanaa ya mahali, na kwa hiyo mchoraji hana budi kuchagua punje moja ya wakati iliyo na mimba ya yaliyotangulia na yatakayofuata. Nadharia hii bado inafundishwa, na inastahili. Lakini sahani ya Adamu na Hawa haiitii. Haikuchagua punje moja. Imebeba ushawishi, utoaji, ulaji na fedheha katika tendo moja lisilo na kabla wala baada. Anayetaka kuona njia ya pili na azitazame sahani za udongo mweupe wa maziwa zilizofinyangwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na kusafirishwa bila picha hadi Uholanzi, ambako wachoraji walizitia kisa cha Mwana Mpotevu, hatua moja kwa sahani moja, na maneno ya Kiholanzi yakieleza kila hatua. Huko wakati umekatwa vipande na kupangwa kama sura za riwaya. Katika sahani ya Adamu na Hawa wakati umekunjwa. Dhambi na aibu yake havifuatani. Ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa mara moja. Hiyo ni teolojia, hata kama aliyeichora alikuwa anawaza ujira wake wa juma.

Sasa kuhusu Adamu mwenyewe. Fasiri iliyoenea makanisani, na ambayo imepenya hadi katika methali na mizaha ya kila siku, ni kwamba Hawa alikuwa peke yake, akadanganywa, kisha akamwendea mumewe na tunda, na mume akaanguka kwa kumpenda au kwa kutojua. Fasiri hiyo ina mizizi ya kale. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo 2:14 hutenga makosa: hakudanganywa Adamu, alidanganywa mwanamke. John Milton, katika Paradise Lost iliyochapishwa kwanza mwaka 1667, aliupa utengano huo umbo kamili la kisimulizi. Katika kitabu cha tisa cha toleo la mwaka 1674, Hawa ndiye anayependekeza wagawane kazi za bustani, wanajadiliana kwa kirefu, anakwenda zake, na nyoka anamkuta hana mtu. Kutokuwepo kwa Adamu ndiko kunakoujengea utenzi huo msuko wake: bila ya wawili kutengana hakuna hotuba ya nyoka, hakuna kurejea kwa Hawa na tawi mkononi, wala hakuna Adamu anayechagua kuangamia naye.

Matini ya Kiebrania haimtoi Adamu pale. Aya ya 6 inasema kwamba mwanamke alimpa mumewe aliyekuwa pamoja naye. Ni neno moja tu katika Kiebrania, kihusishi chenye kiambishi cha nafsi ya kike, lakini uzito wake si mdogo. Jerome, alipotafsiri kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, hakulitia. Na kwa kuwa tafsiri yake ndiyo iliyosomwa na Ulaya ya Magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja, mume akatoweka mtini. Biblia ya Geneva ya mwaka 1560 na ile ya Mfalme James ya mwaka 1611 zililirudisha. Mfinyanzi wa London wa karne ya 17, kama alisoma au alisomewa, alisikia kwamba Adamu alikuwapo.

Jambo hili lina mwangwi wa moja kwa moja kwa msomaji wa Kiswahili. Biblia ya Muungano, iliyotoka kwa ukamilifu mwaka 1952 na ambayo ndiyo iliyolea masikio ya Wakristo wengi wa Kenya na Tanzania, inaifuata hapa njia ya Jerome: mwanamke anampa mumewe, naye anakula, na haielezwi alikuwa wapi. Vizazi kadhaa vya wahubiri vimejaza pengo hilo kwa safari ya Hawa kutoka mtini hadi kwa Adamu, safari ambayo haimo katika aya yoyote. Ajabu ni kwamba Kiswahili hichohicho kimehifadhi ushahidi mwingine wa kuwepo kwake. Nyoka anapozungumza, anatumia nafsi ya pili wingi, kama ilivyo katika Kiebrania. Vitenzi vyake vimebeba kiambishi cha wengi, si cha mmoja. Bila shaka mtu aweza kumwambia mke maneno ya wote wawili mume akiwa mbali, na kiambishi peke yake hakitoshi kuwa hoja. Lakini kikiwekwa kando ya lile neno lililopotea, kinazidi kumsogeza Adamu karibu na shina.

Kwa upande wa msomaji Mwislamu, mpangilio wa sahani hizi unafahamika kwa njia nyingine. Katika Sura ya Al-A'raf Shetani anawatia wasiwasi wote wawili. Katika Sura ya Taha maneno yake yanaelekezwa kwa Adamu, kisha wanakula wote. Nyoka hayumo, na mke hatajwi kwa jina. Simulizi za baadaye zilileta nyoka na zikaleta pia lawama kwa Hawa, lakini matini yenyewe haimtengi mwanamke. Msomaji wa pwani aliyelelewa kwa Kurani, akiwekewa sahani ya Lambeth, angemshangaa nyoka. Asingeshangaa kuwaona wawili hao wakikosa pamoja.

Pingamizi zito laweza kutolewa hapa, na halistahili kupuuzwa. Wachoraji hawa hawakuwa wafasiri, walikuwa wanakili. Walizifuata chapa za karatasi zilizozagaa kutoka bara Ulaya, na ni dhahiri kwamba katika chapa hizo, tangu Dürer na kabla yake, Adamu amesimama kando ya Hawa. Aidha, umbo la duara lenye mti katikati linadai mwili huku na mwili kule. Sahani yenye Hawa peke yake ingeinama upande mmoja kama mashua iliyopakiwa vibaya. Kwa maneno mengine, Adamu yupo kwa sababu ya ulinganifu tu.

Pingamizi hilo ni kweli kuhusu nia, na si kweli kuhusu maana. Albert Lord, katika utafiti wake juu ya waimbaji wa tenzi simulizi wa Yugoslavia uliochapishwa mwaka 1960, alionyesha kwamba msanii anayefanya kazi kwa fomula haachi kuwa msanii. Anachokirudia na anachokiacha kidondoke ndiyo kauli yake. Kipimo hicho chafaa hapa kuliko kipimo cha nia. Sahani za awali zina miili iliyotiwa vivuli, misuli, wanyama na mandhari. Kadiri miaka inavyosonga kuelekea karne ya 18, mkono unakwenda mbio zaidi. Misuli inakuwa mistari mitatu, nyuso zinakuwa nukta na kikwaruzo, bustani inakuwa mapigo ya sponji, na nyoka anakuwa utepe. Wakusanyaji huviita vibaya vielelezo hivi vya mwisho, ingawa huvinunua kwa bei ya kutisha. Kwa mhakiki, vielelezo hivyo ndivyo vyenye manufaa zaidi, kwa maana vinaonyesha ni kipi kilichohesabiwa kuwa hakiwezi kuondolewa. Mandhari yaliondolewa. Wanyama waliondolewa. Tunda, nyoka, mti, majani na watu wawili vilibaki. Mchoraji aliyekuwa tayari kuuacha uso wa Adamu hakuwa tayari kumwacha Adamu.

Mahali pa kutundikwa nako kuna uzito wake. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1643 na tena mwaka 1644 amri za kuondoa sanamu na picha makanisani, na William Dowsing akazitekeleza katika Cambridgeshire na Suffolk kwa bidii ambayo yeye mwenyewe aliiandikia kumbukumbu za kila siku. Hata hivyo, kama Tessa Watt alivyobainisha mwaka 1991 katika utafiti wake juu ya machapisho ya bei nafuu, na Tara Hamling mwaka 2010 kuhusu mapambo ya nyumba za wacha Mungu, picha iliyofukuzwa kanisani haikufukuzwa nyumbani. Ilitakiwa tu isiwe ya kuabudiwa. Kisa cha Agano la Kale kilifaa kwa hili, na Adamu na Hawa walifaa kuliko wote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kushukiwa kwamba anawaombea dua. Nyumba ikawa mahali pa kujifunzia. Inasimuliwa kwamba Philip Doddridge, mhubiri na mtunzi wa nyimbo za ibada aliyezaliwa London mwaka 1702, alifundishwa na mama yake visa vya Biblia kwa vigae vya Kiholanzi vilivyozunguka meko, kabla hajajua kusoma. Kigae si sahani, lakini utando ni uleule na kazi ni ileile.

Pwani ya Afrika Mashariki imezijua sahani za namna hii za kutazamwa, ingawa kwa desturi nyingine. Vyombo vya Kichina na vya Kiajemi vilijengewa ndani ya kuta za misikiti na makaburi. Zidaka za nyumba za Lamu na Pate zilivipanga, na mtunzi wa Al-Inkishafi aliyaona madaka matupu kuwa dalili tosha ya dunia inayopita. Iko pia kombe, sahani nyeupe inayoandikwa aya za Kurani kwa zafarani kisha ikasuuzwa na maji yake kunywewa na mgonjwa. Ulinganisho huu usivutwe mno, kwani kombe hubeba neno na hukwepa sura ya kiumbe, na neno lake huisha kwa kunywewa. Sahani ya Lambeth hubeba sura na hukwepa neno, na sura yake imepitishwa motoni ili isiishe. Hata hivyo, ulinganisho unatosha kuwazindua wale wanaodhani kwamba chombo cha chakula hakina nafasi katika historia ya usomaji wa maandiko. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana sababu ya kulielewa hili mapema kuliko mwenzake wa London.

Inabaki hoja ya ndoa. Vyombo vingi vya aina hii vya Kiingereza vimeandikwa mwaka pamoja na herufi tatu zilizopangwa pembetatu. Herufi ya juu ni ya jina la ukoo. Ya chini kushoto ni ya jina la mume, na ya chini kulia ni ya jina la mke. Mafundi hawa wa London na Bristol kwa kawaida hawakuandika majina yao wenyewe, tofauti na Thomas Toft wa Staffordshire, ambaye katika karne hiyohiyo alilitandaza lake ukingoni mwa sahani kwa herufi kubwa kama mtu anayepiga mbiu. Walioandikwa ni wenye nyumba. Sasa pembetatu hiyo na ilinganishwe na picha: mume kushoto, mke kulia, na juu yao, kati, kile kinachowaunganisha. Mpangilio ni mmoja. Haijulikani kwa mchoraji yeyote kwamba alikusudia hivyo, na hakuna haja ya kukusudia; wawili walioana waliwekwa sahanini kama walivyowekwa wawili wa kwanza, kila mmoja upande wake na hakuna aliyetangulia mwingine mtini. Ila pale juu, katika picha alipo nyoka na tunda lake, katika herufi pamekaa jina la ukoo, nalo ni la mume.